Shira ya Kota Jikoni Safa

Siku yangu ya kwanza kazini, Riyadh, Madam alinionyesha jiko akasema, "Wali usigande, halas," yaani basi. Miaka ile wasichana walikuwa wakichukuliwa kwa wingi kwenda Uarabuni. Mimi nilishakuwa mtu mzima wa Lindi, na wali nimeanza kupika yeye hajazaliwa! Nikawasha gesi.

Bosi, mume wa Madam, alipohamishiwa Jeddah, tukahamia mtaa wa Safa. Huko akaletwa mama yake Madam, mzaliwa wa Jizani, kusini wanakolima mtama kama kwetu. Tulimwita Mama Mkubwa. Meno hana, hamu hana. Wali anasukuma, supu anasukuma, anazidi kukonda tukimwona. Madam akachanganyikiwa. "Mama asipokula wiki hii, nakurudisha ofisini," akaniambia, yaani kwa wakala aliyenileta. Jamani, niliogopa! Nyumbani nilikuwa na watoto wanasoma.

Kesho yake kaka yake Madam akaja kutoka Jizani na mzigo wa kota, yale mabua matamu ya mtama. Mama Mkubwa akayakumbatia, akalia. Atayatafunaje kwa fizi?

Nikasema leo ndiyo leo. Kwetu kota huliwa hata na asiye na meno: unaikamua, unachemsha maji yake mpaka yawe shira. Kinu hakikuwepo, nikaponda kwa jiwe la kuzuilia mlango. Nililisugua, msinitazame hivyo! Kazi yenyewe iko kwenye povu la kijani. Uliengue kila linapopanda, ukizembea shira inakuwa chungu. Tone likikaa kwenye sahani bila kukimbia, epua. Nikaimimina juu ya uji wa mtama.

Kijiko cha kwanza nikampelekea Mama Mkubwa, maana kwetu anaanza mkubwa. Akakinusa, akanishika mkono, akakigeuzia kinywani mwangu. "Kwetu anaanza aliyekaa motoni," akasema. Nikameza. Ndipo naye akafungua kinywa, akamaliza bakuli zima. Madam alikuwa mlangoni anafuta machozi kwa abaya. Habari ya ofisini haikutajwa tena.

Sasa nimestaafu, nipo Lindi, magoti yananisumbua. Vijana mnaniuliza kazi za ndani zikoje. Ni kupika, na kumwangalia asiyekula.

Juzi mjukuu wangu kapika shira yake ya kwanza. Akapiga goti, akaninyooshea kijiko.

"Anza wewe," nikamwambia.

Wajomba zake wakaguna. "Mama, hiyo mila ya wapi?"

"Ya mama yangu wa Jizani," nikawajibu. "Haya, mwanangu, meza."