Kitufe cha Marehemu

Mwalimu Edvina alistaafu kufundisha Kiswahili, ila Kiswahili chenyewe kilikataa kustaafu. Akiwa peke yake kwenye kibanja chake Ijumbi, aliletewa kazi na Evelyne, mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa Bukoba mjini akitengeneza programu ya simu ya wakulima wa kahawa. Alitakiwa kuhariri mwongozo wa programu hiyo. Kazi aliipenda. Afadhali kubishana na maneno kuliko kusikiliza nyumba tupu kutwa nzima.

Ukurasa wa tisa ukamkwamisha. "Mkulima akifariki, bonyeza Futa." Wakulima hawakuwa wakibonyeza. Marehemu walijaa kwenye orodha, wakiendelea kutumiwa ujumbe wa kilo za kahawa. Vijana wa ofisini kwa Evelyne walisema wazee hawajui simu. Edvina alicheka mpaka akakohoa. Hawajui simu, na kutwa wanatumiana picha za harusi! Ila Mhaya gani atafuta jina la baba yake, aliyezikwa humohumo kibanjani katikati ya migomba?

Akampigia Evelyne.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Huyo marehemu mkimfuta, kumbukumbu za kahawa yake zinapotea?"

"Hapana, zinahamia kwa anayeshika nafasi yake."

"Basi hamfuti. Matanga yakiisha ukoo hukaa, ukamtaja omusika, huyo mrithi, na kazi ikaendelea. Andikeni Rithisha."

"Hilo watalibonyeza, Mwalimu. Tunaomba tu ujaribu hatua zote kwenye akaunti halisi kabla hatujausambaza mwongozo."

Akaunti halisi aliyokuwa nayo ni moja, ya mumewe, Joackim, aliyefariki miaka miwili nyuma. Mganga hajigangi; hata yeye hakuwa amegusa jina lile. Akafuata hatua zake mwenyewe mpaka penye jina la mrithi. Akaandika Isaac, mwanawe wa pekee. Programu ikasema mrithi akubali kwanza kwenye simu yake.

Mbele ya ukoo, matanga yalipoisha, Isaac alikwisha kukubali. Alivalishwa kanzu ya baba yake, akapigiwa makofi, na siku ya tatu akapanda basi la Dar es Salaam. Edvina akampigia, akamweleza.

"Mama," Isaac alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza, "kanzu nilivaa wazee waridhike. Huko sirudi. Weka jina lolote."

Jina lolote. Alitafuta kichwani mtu wa kumwandika, akazunguka vyumba vyote vya maisha yake, asimpate. Akaketi na simu mapajani, mpweke kuliko siku ile ya mazishi, maana siku ile watu walikuwapo.

Ujumbe wa Evelyne ukaingia: "Mwalimu, neno linafaa?"

Akaandika, "Neno linafaa. Mtu ndiye hayupo."

Akausoma ujumbe wake tena kabla ya kuutuma. Sentensi ya pili haikuwa ya lazima kwa mwongozo. Akaikata.