Pedi Iliyokataa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, mwenye kutoa na mwenye kutwaa.

Juzi mjukuu wangu Nasra alichomeka pedi ya kuchezea, ya kompyuta ya zamani, kwenye mashine ya gemu kuukuu, akaniambia, "Bibi, imekataa." Neno hilo likanirudisha utotoni.

Mjomba alituletea Bagamoyo mashine kama ile kutoka Maskati, bila pedi zake. Alasiri moja kaka yangu Hamudi akaijaribu na pedi ya kompyuta.

"Imekataa," alisema.

Nilidhani imemkataa yeye. "Hukusema bismillahi," nikamwambia.

"Basi isomee wewe, ustadhati."

Nikaisomea. Ikakataa tena. Hamudi akakata waya, akabadilisha nyuzi, akalehemu. Moshi wa lehemu ukachanganyika na ubani uliotoka chumbani, alikolala mama yetu mgonjwa. Mara ya tatu televisheni ikalia ti, ti, ti.

"Imekubali," alisema Hamudi.

Shangazi, aliyekuwa akimuuguza mama, akatoka na kuketi kizingitini. "Dawa imekataa," alisema.

Hamudi aliiweka pedi chini. Mimi sikulia wala sikuogopa. Niliokota vile vipande vya waya, nikampelekea shangazi. "Jaribu tena. Hata ya Hamudi ilikataa mara mbili."

Alivipokea, akavifumbata. Ilipoadhiniwa magharibi mama hakuwa nasi tena, na shangazi alikuwa bado amevishika.

Nawe unayesoma, Mola akujaalie subira kwa kila litakalokataa, na awarehemu wazazi wako. Amina.