Anayekuita Leo

Apollinarie wa Magamba alikuwa mrina asali, na kurina ndiko kulikomharibia kusoma. Miaka yote alipanda miti kufuata mizinga, akafukiza moshi, akatia mkono ndani asikoona. Basi Padre Méthode alipohamishwa na kumwachia kitabu cha mwenye hekima mmoja wa Ugiriki ya kale, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili, alikisoma vilevile. Kwake maneno yalikuwa gome tu. Utamu uko ndani.

Mstari mmoja ulimsumbua kuliko yote: "Anayekuita leo, mwitikie leo."

"Mtu mwenye akili zile, aliyekufa kabla ya Yesu, aseme jambo la kitoto namna hii?" alimwambia mkewe, Scolastica. "Hapana. Hiyo leo siyo leo, na huyo anayeita siyo mtu. Nyuki hawaweki asali nje ya mzinga, Mama Dorice."

"Labda alitaka watu waitike tu," Scolastica alijibu, huku akichambua maharage.

Apollinarie akacheka. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Huyu bwana macho alikuwa nayo, akaambiwa, na bado hakutazama.

Kiangazi kilipoingia, kifua kikambana Scolastica. Dawa za hospitali zilimpa nafuu, kisha zikashindwa. Asubuhi moja akamshika mumewe mkono.

"Baba Dorice, leo usiende porini. Kaa na mimi."

Sasa, Apollinarie alilelewa na wazee wasioomba kitu waziwazi. Mkwe anayetaka pombe husema njia ilikuwa na vumbi. Akayapima maneno ya mkewe, akayageuza huku na huku, akapata maana: mama wa watu anatamani asali, ila anaona haya. Kama siyo hivyo, pori amelitajia nini? Akamfunika vizuri, akamwachia binti yao Dorice, akapanda baiskeli na ndoo yake. Alikwenda na furaha, maskini, furaha ya mume aliyemwelewa mkewe.

Alirina mzinga wa mbali kabisa, kwa sababu ndio uliokuwa na asali nyeupe aliyoipenda Scolastica. Aliporudi jua likishuka, alikuta mabenchi ya kanisa yamepangwa uani na wanawake wamekaa chini.

"Alikuwa anakuita, baba," Dorice alisema. "Alikuita mpaka sauti ikaisha."

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu hakukawia. Ndoo ipo chini ya kitanda hadi leo, haijafunguliwa. Kitabu nacho kipo, ila Apollinarie hatafuti tena kitu ndani yake.

Siku hizi ukimwita Apollinarie, hata kwa utani, hata yuko juu ya mti, huacha kila kitu akashuka. "Naam, nakuja," hujibu, na huja mbio. Vijana wa Magamba humcheka. Dorice hacheki. Yeye alikuwepo siku ile, akiisikia sauti ya mama yake ikiita, na nyumba nzima hakuna mume wa kuitika.