Fomu Chini ya Mguu wa Meza

Shangazi yangu alimfanyia kazi miaka sita mtu ambaye yeye mwenyewe alimchukia. Watu wakisikia hivyo husema alikuwa mvumilivu. Mvumilivu wapi! Mwanamke yule hawezi hata kusubiri chai ipoe. Alikuwa na kisasi, basi, na mimi nilikuwa upande wake tangu siku ya kwanza.

Mtu mwenyewe alikuwa mwenye baa iliyotazamana na duka la baba. Tulimwita Tabasamu, maana meno yake hayakuwa na mapumziko. Nyuma ya baa, karibu na choo, aliweka mashine nne za kamari na kuzizungushia pazia. Sheria inataka zikae mbele ya kaunta, machoni pa msimamizi mwenye cheti. Tabasamu alisema watu wazima wanahitaji faragha.

Baba ni fundi cherehani. Wakati huo alikuwa na duka lake, na kwa suti hakuwa na mpinzani mtaa mzima. Zile mashine zikamteka. Alipoona anaelekea kubaya alifanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo: alipiga picha ya pasipoti, akaenda mwenyewe kujaza fomu ya kuzuiwa. Fomu hiyo ipo kisheria. Ukishaijaza, picha yako inawekwa kaunta, na kwa mwaka mzima wahudumu wanakukatalia hata ukipiga magoti. Baba alijua hana ubavu wa kujikataza, akaomba akatazwe.

Tabasamu aliipokea fomu, akaigonga mhuri, akampa baba mkono wa pongezi. Wiki iliyofuata baba alirudi pale, akitarajia kufukuzwa. Hakufukuzwa. Alivutiwa kiti. Kabla ya mwaka kwisha duka halikuwa letu tena, na baba alikuwa anashona kwenye kibaraza cha kijana ambaye zamani baba ndiye aliyemfundisha kazi.

Shangazi, mdogo wake baba, alikuwa mfagiaji pale baa. Asubuhi moja aliinama kufagia chini ya meza, akakuta karatasi imekunjwa mara nne, imesukumwa chini ya mguu mmoja. Alipoikunjua akaona picha ya kaka yake. Akampelekea Tabasamu.

"Bosi, hii ni nini?"

"Karatasi tu hiyo, dada. Meza ilikuwa inayumba."

Akaichukua, akaichana vipande vipande, akavitia kwenye ndoo ya takataka aliyoishika shangazi. Huku anacheka.

Nyumbani kaka zake mama walitaka kumvunja miguu. Jirani mmoja akapendekeza mganga. Shangazi akawaambia, "Mwacheni. Huyo ni wangu."

Akajifunga kibwebwe, akajiandikisha mafunzo ya usimamizi wa mashine za kamari, akapata cheti. Tabasamu alifurahi kupata msimamizi wa bei rahisi. Mpango wa shangazi ulikuwa kuacha uozo uive, kisha awaite wakaguzi. Lakini kuna jambo hakulipigia hesabu. Wiki ya kwanza tu dereva mmoja alikaa kwenye mashine tangu asubuhi bila kula, na shangazi, akiutazama mgongo wake, akaona mgongo wa baba. Akainuka, akazima mashine. Kesho yake akaling'oa lile pazia. Akaanza kudai vitambulisho kwa kila mwenye sura changa, na kila aliyejaza fomu akabandikwa kaunta siku hiyo hiyo. Tabasamu alinung'unika, lakini wakaguzi walipoisifu baa yake akanyamaza, akaongeza mashine nne nyingine.

"Namng'arishia jina mtu ninayetaka kumzika!" shangazi alikuwa akija kwetu kulia, na yalikuwa machozi ya hasira matupu.

Mwishowe kifungu kimoja kikamwokoa. Mashine haziruhusiwi kuwaka hata saa moja bila msimamizi mwenye cheti, na pale baa mwenye cheti alikuwa yeye peke yake. Akasubiri siku ya kukaguliwa kwa leseni mpya.

Saa nne asubuhi mkaguzi aliingia, mwanamama mnene mwenye sauti ndogo. Mashine zote nane zilikuwa zinawaka. Akauliza msimamizi yuko wapi. Tabasamu akamwonyesha shangazi, aliyekuwa ameketi kama mteja, na soda mbele yake.

"Si mimi," shangazi akasema. "Nimeacha kazi leo alfajiri. Barua iko mezani kwake, na nakala iko ofisini kwenu."

Mkaguzi akaanza kubandika lakiri za kuzifunga, mashine moja baada ya nyingine. Hapo, kwa alivyotusimulia shangazi, meno ya Tabasamu yakapata mapumziko kwa mara ya kwanza.

"Dada, nimekukosea nini mimi?"

"Fundi cherehani. Alikujazia fomu, ukaiweka chini ya mguu wa meza."

Alikunja uso, akijitahidi kwelikweli kukumbuka.

"Fundi yupi, dada? Waliojaza walikuwa wengi."

Mkaguzi akageuka. "Wengi? Wangapi?"

Mkaguzi akadai ufunguo wa stoo, ambao Tabasamu hakuwahi kumpa mtu. Ndani, chini ya kreti za chupa tupu, kulikuwa na boksi la fomu zenye mhuri na picha, zote za kabla ya shangazi kushika kaunta. Kwa nini hakuzichoma sijui. Uvivu, nadhani. Leseni haikurudi tena, na kesi yake inaendelea. Simwombei heri.

Jioni ile tulikwenda mbio kibarazani kumpasha baba. Nilitaka acheke. Nilitaka atukane, walau mara moja. Alisikiliza mguu ukiwa kwenye pedali, mpaka shangazi alipofika kwenye lile boksi. Hapo akasimamisha cherehani.

"Zilikuwa ngapi?"

"Thelathini na moja, kaka."

Akavua miwani.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani mjinga ni mimi peke yangu."