Bibi wa Gofu la Saiprasi

Wanaonijua wanajua mie si mtu wa kuzusha. Shoga zangu hapa Barking wakianza kuhadithiana mashetani ya Pemba, mie huinuka nikaenda kuosha vyombo. Basi haya yamenifika mwenyewe, na wallahi sitii chumvi. Asiyetaka kuamini aache, sitamgombeza.

Nina binti mmoja tu, Rahma, kazaliwa hapahapa London, anasoma chuo. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Mungu kamtia mapenzi ya ajabu mtoto huyo: nyoka, mijusi, vyura, vinyonga. Wenzake wanataka simu mpya, yeye anataka tochi ya kufunga kichwani. Nikamwambia mwaka huu chagua unapotaka, nitakupeleka likizo, nikidhani atasema Dubai. Akasema Saiprasi. Nikafurahi: kisiwa, jua, bahari! Kumbe bahari tutaionea dirishani mwa gari. Watu wamejilaza ufukweni, sie tupo milimani tunapindua mawe.

Ana adabu zake lakini. Jiwe analiinua taratibu kwa kulivutia upande wake, ili kama kuna nyoka atokee upande wa pili. Anatazama, anapiga picha, kisha analirudisha vilevile lilivyokuwa. Siku moja mie nikalitupa tu, akanigombeza: "Mum, that's somebody's roof," eti hilo ni paa la nyumba ya mtu. Tuliona vyura wadogo wa kijani wanaokaa majanini, tukaona kinyonga, tukaona mijusi ya kila namna. Rahma alimwogopa mmoja tu, nyoka mfupi mnene, mwenye sumu kama kifutu wa kwetu. Wenyeji wanamwita kiziwi, maana hata umjie na kishindo hakupishi.

Jioni moja tukafika kwenye kijiji kilichohamwa zamani, nyumba za mawe, mapaa yameanguka. Rahma alitaka kuwaona mijusi kafiri wakitoka jua linapokuchwa. Sasa niambieni, mtu wa Unguja anaingia gofuni saa ya magharibi? Kwetu saa hiyo hata kuku wanatiwa ndani. Nikamwambia. "Mum, relax," akanijibu, akapita zake na tochi mpaka chumba cha nyuma.

Mie nikabaki nje. Nyumba ile haikuwa na hata ubao wa mlango, lakini mazoea yana tabu, mguu ulikataa kuvuka kizingiti cha watu hivihivi. Nikasema, "Hodi."

"Karibu, mwanangu."

Mtaniuliza, hukukimbia? Sikukimbia. Ukikaa London unazoea kusikia Kiswahili popote. Kwenye basi yupo Mkongo anagomba na simu, sokoni Tottenham Mkenya anapatana bei, Mhindi wa dukani anakujulia hali kwa Kiswahili kizuri kukushinda wewe. Sikio langu halikushtuka hata kidogo. Nikaingia.

Alikuwa bibi mweusi, mwembamba, amekaa chini kaegemea ukuta, kajitanda nguo iliyopauka. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba, akafumba macho kama mtu aliyepewa maji ya baridi. Kazi yangu mie ni kutunza wazee, namjua mzee mwenye kiu ya kusemeshwa. Nikachutama mbele yake, nikamuuliza kwao wapi. Akasema hakumbuki, aliuzwa akaletwa huku mdogo.

"Walionileta waliondoka," akasema. "Na waliokuja baada yao wakaondoka. Mie hakuna aliyeniambia twende."

Hapo mjusi akatoka kwenye ufa wa ukuta. Akapanda begani kwa bibi, akateremka mkononi mpaka vidoleni, akatulia. Mjusi wa mwituni, jamani, anayemkimbia mtu hata mtu huyo ajifanye gogo! Huyu alimtembea bibi vilevile alivyoutembea ukuta.

Bibi akageuza uso kuelekea chumba cha nyuma. "Yule ni wako?"

"Ni wangu, bibi. Sina mwingine."

Akasema, wala hakupaza sauti, "Mwanangu, mkono wako. Usiutie humo."

Kisha Rahma akatoka kinyumenyume, midomo imemkauka. "How did you see it from here?" akaniuliza, nimemwonaje nikiwa huku. Alikuwa anapeleka mkono tunduni kumfuata mjusi, akasikia mtu anamkataza, akadhani ni mimi. Akamulika. Kiziwi yupo mlemle, kajiviringa, kichwa kimeelekea vidole vyake. Hebu fikirini, mlimani, giza linaingia, hospitali iko mbali, na mie hata gari siwezi kuendesha. Nilimkumbatia mwanangu mpaka akalalamika.

Sasa sikilizeni nilipokosea, na kosa hili Mzungu asingelifanya. Nataka kumtoa mtoto pale upesi, lakini ulimi uliolelewa kwa adabu hauondoki bila kuaga. Nikamgeukia bibi, nikamshukuru, nikamalizia kama tunavyomaliza siku zote tukitoka nyumbani kwa watu: "Na wewe bibi, karibu kwetu. Karibu Barking, nyumba ni yako."

Akanitazama. "Kweli, mwanangu?"

Nikasema kweli. Ningesema nini?

Garini Rahma akaniuliza nilikuwa nazungumza na nani. Hakumwona mtu. Sikupata usingizi, na kulipokucha nikamlazimisha turudi pale. Pembe niliyochutama imejaa mawe ya paa lililoanguka, yamefika dirishani. Hata paka asingepata pa kukaa.

Tukarudi London, nikajitia kusahau. Baridi ilipoanza, jioni moja nipo jikoni nakaanga samaki, nikasikia mlangoni, "Hodi." Kabla sijageuka, Rahma akaitikia kutoka sebuleni, "Karibu!" Rahma huyuhuyu, ambaye hata chumvi ananiomba kwa Kiingereza! Nikafungua mlango. Hapana mtu. Kesho yake nikamkuta mjusi kafiri ukutani mwa jiko. Barking, ghorofani, baridi nje inauma! Rahma akamkagua kwa karibu, akasema ni wa aina ya kulekule, Uingereza hawaishi.

Mjusi angenitisha nini? Nilichokiogopa ni mwanangu. Alianza kukaa jikoni saa za magharibi, taa kazima, ananong'ona peke yake. Nikimuuliza, "Nothing, Mum." Moyo wangu ukaanza kuniambia maneno mabaya: yule bibi aliniokolea mtoto ili aje amchukue. Nikawa nasikiliza mlangoni kwake kama bado anapumua. Shoga yangu wa Mombasa, muuguzi, mtu mzima, akaniambia hili si la kuchezea, akanitafutia mwalimu.

Mwalimu akaja, akasoma, akafukiza ubani mpaka king'ora cha moto kikalia jengo zima, tukawa tunapepea mataulo. Alipomaliza akanikalisha. "Bibi huyu hakujipenyeza," akasema. "Alipiga hodi, akakaribishwa. Mimi siwezi kumtoa. Mwenye nyumba ndiye atakayemwambia kwa kinywa chake aondoke."

Nikasimama katikati ya jiko, nikafungua mdomo. Rahma akanishika mkono. Akasema kwa Kiswahili, cha kukwamakwama, lakini Kiswahili, "Mama, mwache. Hana kwao. Ananifundisha kusema na wewe."

Nilivunjika. Mtoto niliyedhani anachukuliwa, kumbe nilikuwa narudishiwa. Na mie, niliyekalia viti vya jengo la uhamiaji kule Croydon mwaka hata mwaka nikingoja mtu mwingine aamue kama nibaki au niondoke, leo niwe wa kumwambia kikongwe aondoke? Nikalia mbele ya mwalimu wa watu. Sikumfukuza. Mwalimu akanywa chai, akajiendea zake.

Basi bibi yupo. Hatumwoni, ila jioni jiko lina mtu, ukiingia unajua. Rahma ananiamkia kila asubuhi, na hutumia maneno niliyoyasikia kwa nyanya yangu tu, ambaye hakuwahi kumwona. Likizo tumeacha. Mara moja tulikwenda harusini Birmingham tukalala huko, tuliporudi jirani wa chini akatuuliza ni nani aliyekuwa akilia kwetu usiku kucha. Tangu siku hiyo, mmoja wetu akitoka, mmoja anabaki.

Silalamiki, ila nawaonya wenzangu, maana sisi tunalitoa neno hili kama salamu tu, hata kwa tusiowajua. Usimwambie mtu karibu kwetu, nyumba ni yako, kama huna nia naye. Wapo ambao tangu wazaliwe hawajaambiwa hivyo na mtu yeyote, na ukiwaambia, watakuja.