Mlango Katikati ya Shamba

Bohdana Vrbová alikuwa mshonaji wa glavu, mwanamke asiye na makuu. Katika nyumba yake ya vyumba viwili pale Žižkov, mjini Praha, alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia: picha iliyotundikwa juu ya kochi. Mumewe Hynek aliichora wakati wa vita, enzi alipokuwa akikutana na wenzake wasurrealisti, wale wachoraji wa mambo ya ndotoni. Mlango umesimama peke yake katikati ya shamba la viazisukari, hauna ukuta wala paa. Kitasa chake ni sikio la mtu. Kwenye upenyo wa chini ya mlango inaonekana miguu miwili yenye soksi za kijivu.

Kila mgeni aliitafsiri apendavyo. Mama mkwe alisema huyo ni marehemu mumewe, karudi kudai chakula, maana hata kaburini hashibi. Bohdana yeye aliona shamba tu. Akichoka kushona, aliyapeleka macho yake kule kwenye majani mabichi, akapumua. Hynek akiulizwa maana, alicheka.

"Ningejua ningekwambia, Bohdo. Mimi nilishika brashi tu."

Siku hizi hakucheka. Utawala mpya haukutaka picha za namna ile wala watu waliozichora. Rafiki yake Arnošt alikuwa amechukuliwa Jumanne, na sasa Ndugu Sýkora, mjumbe wa jengo, alikuwa ametoa taarifa kwamba atapita kukagua jiko la makaa. Jiko lenyewe lilikuwa zima, na wapangaji wote walijua mjumbe hana habari na majiko. Alichokiona alikipeleka kwa wakubwa, na baada ya hapo gari lilikuja kumchukua mtu.

"Itoe basi," Hynek alisema.

"Nikiitoa, ukutani patabaki nini?"

Moshi wa makaa huzitia kuta weusi, na palipokuwa na picha hubaki peupe. Jengo zima lilikuwa na weupe wa namna hiyo, wa picha za watawala zilizoshushwa moja baada ya nyingine, na Sýkora alikuwa hodari wa kuusoma. Picha ikaachwa. Aliyeondolewa ni Hynek, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki.

"Nenda kalale, wewe mgonjwa," Bohdana alimwambia. "Na ukikohoa, kohoa bila maneno."

Sýkora alivua viatu mlangoni kama kila mtu avuavyo, akakataa ndara za wageni, akaingia na soksi. Jiko hakulitupia hata jicho. Alisimama mbele ya picha.

"Hii nini, Bi Vrbová?"

Bohdana alikuwa amejiandaa. "Mkulima huyo, ndugu. Katoka kuvuna, kavua viatu asichafue nyumba."

"Nyumba ipi? Naona mlango mtupu."

"Nyumba bado inajengwa, ndugu. Si ndiyo nchi yetu?"

Sýkora hakutabasamu. Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi, akatazama kile kitasa, kisha akashuka taratibu hadi kwenye upenyo. Masikio yake yakawa mekundu. Akainamisha kichwa, akaitazama miguu yake mwenyewe. Bohdana naye akaitazama, na papo hapo akatamani asingeitazama. Soksi zilikuwa za kijivu.

"Nani kawaambia?" Sýkora aliuliza kwa sauti ya chini.

"Katuambia nini, ndugu?"

"Usinifanye mtoto. Sikio, soksi. Mmenichora mimi."

"Ilichorwa wakati wa vita, ndugu. Wewe ulikuwa hata hujahamia hapa."

"Kwa hiyo mumeo ni mtabiri?"

Bohdana hakuwa amejua kwamba mjumbe husimama kwenye milango ya watu na soksi, akisikiliza. Mjumbe mwenyewe ndiye aliyemwambia, sasa hivi, na kuijua siri hiyo kulikuwa na hatari zaidi kuliko picha kumi.

"Ikae hapo hapo," Sýkora alisema. "Nikija nisiikute, nitajua mnaficha jambo. Na huyo mgonjwa akipata nafuu, nitamwuliza mwenyewe."

Akatoka, viatu mkononi. Bohdana alisimama nyuma ya mlango akingoja kuvisikia kwenye ngazi za mawe, maana mtu akishuka ngazi zile jengo zima husikia. Hakusikia kitu.

Hynek akatokeza kutoka chumbani, uso umemchangamka. "Kaenda? Sasa nisikilize, mke wangu. Kile alichoniachia Arnošt—"

Bohdana alimkamata kifundo cha mkono kwa nguvu. Aliogopa kuuonyesha mlango wao, maana alimfahamu mumewe: angeropoka, "Kuna nini?" Akanyoosha kidole kwenye picha. Akaligusa sikio, kisha akazigusa soksi.

Hynek aliitazama kazi ya mikono yake kana kwamba imechorwa na mtu mwingine. Halafu, polepole, akageuza kichwa. Mwanga wa dirisha la ngazini ulipenya chini ya mlango, na ulikuwa umekatika mahali pawili.

Akavuta kiti, akakaa. Midomo ilikuwa imempauka.

"Supu ina bizari?" aliuliza kwa sauti kubwa.

"Ina bizari," Bohdana alijibu. Akamimina, upawa ukagonga sahani.

Wakala, wakazungumzia supu. Bohdana alitafuta lile shamba lake pichani ili apumue kidogo, lakini macho yaligoma kutoka kwenye upenyo.