Mwalimu wa Hesabu Alipogeuka Mkwe

Mwalimu Roseline amefundisha chekechea hapa Sindo tangu Lynnet, bintiye, alipokuwa akibebwa mgongoni. Huwafundisha watoto kuimba, kupenga kamasi na kuhesabu hadi ishirini, na hajasikia mzazi akilalamika. Kisha likaja sharti jipya shuleni kwake: ifikapo Januari, asiye na diploma wala nafasi ya kuisomea ampishe mwenye nayo. Chuo cha kule Suna, Migori, nacho kikamwambia hapati nafasi mpaka aifute ile D ya hesabu aliyoipata akiwa msichana, kwa kufanya mtihani wa Novemba. Mtihani wenyewe una trigonometria, tena una kugawanya polinomia. Hebu niambie, mtoto wa miaka minne na polinomia wapi na wapi? Lakini sharti halina masikio.

Kila Jumamosi alikwenda Suna kwa masomo ya kujiandaa na mtihani huo, akaketi nyuma ya vijana wa rika la bintiye. Mhadhiri aliandika ubaoni akiwa amewapa mgongo, akafuta kabla kalamu ya Roseline haijafika nusu. Alirudi nyumbani na daftari limejaa na kichwa kitupu. Ni mjane, hana mashua wala shamba la kuringia. Ana darasa lile tu. Akaanza kuogopa.

Ndipo akampata Javan, kijana wa Uriri aliyekuwa akifundisha hesabu sekondari ya jirani. Mwalimu mwingine aliyeombwa kabla yake alikuwa amecheka aliposikia mwanafunzi ni nani. Javan hakucheka. Watoto wakishaondoka alikuja, wakakaa kwenye vile viti vya chekechea, magoti yakikaribia kidevu. Alikuwa mkali. Roseline akisahau ishara ya kutoa, alimshika mkono na kalamu yake papo hapo. "Hapana, Mwalimu. Rudi nyuma. Hii umeitoa wapi?"

Kwa kuzuiwa huko ndiko alikojifunza. Alielewa kwamba sine mraba ukiijumlisha na kosine mraba unapata moja, pembe iwe ipi. Siku aliyoweza kuugeuza upande mmoja wa mlinganyo ukafanana na wa pili bila kusaidiwa, aliimba njia nzima kwenda nyumbani, tena wimbo wa kunawa mikono.

Chai alikuwa akiwaletea Lynnet. Macho ya Roseline yalikuwa kwenye kosine. Ya Javan, kumbe, yalikuwa mlangoni. Mama alikuwa mtu wa mwisho Sindo nzima kujua, na alipojua, binti alikwisha kuwa na mimba ya miezi mitatu.

Si kwamba alimchukia Javan. Mkwe kama huyo watu humtafuta kwa tochi mchana. Kilichomkaba ni kingine. Kwa Wajaluo, mama akishapokea ayie, ile bahasha ya kuonyesha amekubali, kijana amekuwa mkwe, na mkwe hakai meza moja na mama mkwe. Hali naye, hamshiki mkono, hamkazii macho. Akikutana naye njiani humpisha kwa mbali. Basi ni nani tena angemshika kalamu?

Wazee wa Uriri wakatuma habari kwamba wanakuja Agosti. Mtihani ulikuwa Novemba.

Javan mwenyewe aliliona hilo. "Mama," alisema siku ya mwisho, maana lile jina la Mwalimu lilikuwa limeanza kumshinda, "niambie wazee wangu wangoje mpaka Disemba?"

Roseline alitamani kusema ndiyo, akaona aibu kwa kutamani. Alikwenda kwa Maranga, ndugu wa marehemu mumewe, ambaye ndiye angesimamia shughuli.

"Shemeji, hawa watu hawawezi ngoja kidogo, nimalize mtihani?"

"Nyar Uyoma," Maranga alimwita kwa jina la kwao, "tumbo ya mtoto itangoja mtihani yako?"

"Basi wakuje, lakini huyu kijana aendelee kunifundisha. Si sisi ni watu wa kanisa?"

"Kanisa ni Jumapili. Mkwe ni kila siku." Akapunguza sauti. "Na watu wameanza kuuliza, mjane na kijana wanajifungia kusoma nini? Akikuwa mkwe na bado mko huko, Lynnet utamweka wapi?"

Mlango ule haukuwahi kufungwa hata mara moja. Lakini maneno ya watu hayahitaji komeo.

Wageni walikuja, wakala kuku na samaki wa mbuta. Javan alikaa upande wa wanaume, amevaa koti, macho sakafuni. Bahasha ikawekwa. Roseline akaulizwa kama amekubali. Lynnet, aliyekuwa amelegeza mishono ya gauni lake, alimtazama mama yake asipepese.

"Ayie," Roseline alisema, na wanawake wakapiga vigelegele. Alitabasamu, na ndani alikuwa akiililia kazi yake.

Tangu hapo Javan aliandika hatua zote kwenye karatasi, na Lynnet, ambaye sasa alihamia kwake, akazileta. Zilikuwa safi, hazina kosa. Lakini karatasi haimshiki mtu mkono. Akiisoma alielewa, akiifunika, aliachwa njia panda.

"Hapa alitoa ama alijumlisha?" alimuuliza Lynnet, ambaye aliagana na hesabu kidato cha pili bila majuto.

"Mama, mimi nimetumwa tu."

Alasiri moja ya Oktoba aliketi darasani peke yake, akigawanya x³ − 7x + 9 kwa x − 2. Mara ya kwanza alipata baki tatu. Ilikuja upesi mno, akaishuku. Akarudia, akahangaika, akapata baki hasi kumi na moja. Alitoka mlangoni kupunga hewa, daftari mkononi, na Javan huyo akipita kutoka shuleni. Kijana alivuka upande wa pili wa barabara, akavua kofia.

"Hamjambo, Mama," alisema, akitazama viatu vyake.

"Hatujambo, mwanangu. Lynnet je?"

"Yuko salama. Anawasalimu."

Daftari lilikuwa wazi. Angeliinua tu, Javan angesoma kwa mbali na kusema neno moja. Lakini mama muuza omena kando ya njia alikuwa amekwisha kuinua kichwa. Roseline akalikumbatia daftari kifuani. Javan alisita kidogo, kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaenda zake.

Roseline alirudi kwenye kiti kidogo, akayatazama majibu yake mawili. Lile la pili ndilo lililomtoa jasho zaidi, na maisha yalikwisha kumfundisha kwamba cha halali hakiji kwa urahisi. Akaikata ile tatu, iliyokuwa sahihi, akaendelea na swali linalofuata.